Nikisoma kimya, ninayemsikia ni nani?

Sikio Moja

Habari zenu wapenzi wa vitabu. Nina swali nililolibeba muda mrefu, na waliokaribu nami wakilisikia hunionea huruma badala ya kunijibu. Naomba mnijibu.

Nina miaka 58. Sikio la kushoto liliacha kazi miaka tisa iliyopita, la kulia linalifuata taratibu. Daktari alinionyesha mchoro wa usikivu wangu: mstari unakwenda vizuri upande wa sauti nene, halafu ukifika upande wa sauti nyembamba unaporomoka kama mtu aliyeteleza ngazini. Alinieleza kuwa ndani kabisa ya sikio, kwenye kijumba kilichojikunja kama cha konokono, kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi, na kwamba za binadamu zikifa hazioti tena. Zinazotangulia mara nyingi ni zile za sauti nyembamba. Kwa hiyo mimi sikupoteza usikivu wote kwa mkupuo, nilipoteza herufi. Irabu bado ninazo, zinanifikia nene na timamu. Zilizokwenda ni s, f, sh, th. Mtu akiniambia "ameshika" na mwingine akiniambia "amefika", kwangu ni neno lilelile lenye tundu katikati. Natazama midomo, nakisia. Mjukuu wangu wa miaka mitano ndiye ninayemkosa kuliko wote, maana sauti yake karibu yote iko kule mstari ulikoporomokea.

Sasa nikifungua kitabu nikasoma kimya, herufi zote zipo. Sisemi naziona, kuona si ajabu. Nazisikia. "Ameshika" ina sh yake ya mnong'ono, "amefika" ina f yake ya pumzi. Juzi usiku katika hadithi niliyokuwa nasoma mwanamke mmoja alishusha sauti akasema, "Usishtuke, sisi sote tumeshafika salama." Nikaisikia yote, kila mchakacho wake, safi kuliko mazungumzo yoyote niliyofanya na mtu hai kwa miaka hii tisa. Nilifunga kitabu nikalia. Sidhani ilikuwa huzuni. Ilikuwa kama kushika nguo ya marehemu ukakuta bado ina harufu yake.

Tangu hapo nimekuwa najichunguza nikisoma. Anayesimulia, karibu kila kitabu, ana sauti inayofanana na ya marehemu baba. Baba alikuwa akitusomea usiku, kidole kikitembea chini ya mstari, na hakuwahi kuigiza sauti za wahusika hata siku moja. Alikuwa na jambo moja tu: pakikaribia mtu kufa hadithini, alipunguza mwendo. Sisi tulijua kabla ya maneno kufika. Mpaka leo nikisoma kimya, mwendo wangu hupungua mahali fulani bila mimi kuamua, na mara nyingi kurasa mbili mbele mtu hufa.

Halafu kuna maneno niliyoyajua baada ya masikio kuharibika. "Kishikwambi", kwa mfano. Nimelijua kwa kulisoma tu, sijawahi kulisikia likitamkwa kwa ukamilifu wake. Lina sauti kichwani mwangu, sh ipo, mkazo upo, lakini hakuna mtu ndani yake. "Kisima" lina watu wengi. "Kishikwambi" limesimama peke yake.

Na vipo vitabu vingine ambavyo ni kimya kabisa. Nasoma, naelewa, hakuna anayesema. Kwa nini?

Swali langu ni hili: ile sauti iko kwenye maandishi, au iko kwangu? Maana kama iko kwangu, nataka kujua itakuwaje siku sikio la kulia nalo litakapomaliza.

Nukta Sita

Shikamoo mama. Nimeusikiliza ujumbe wako mara tatu. Nasema nimeusikiliza kwa sababu mimi sioni tangu nikiwa na miaka minne, na kompyuta yangu hunisomea kwa programu ya skrini.

Niianze hapo. Sauti ya hiyo programu watu wakiisikia kwa mara ya kwanza hunihurumia. Ni kavu, haina furaha wala majonzi, na nimeipandisha kasi mpaka maneno kama 380 kwa dakika, wakati msomaji wa kawaida wa vitabu vya sauti huwa karibu na 150 au 160. Wenzangu wanaoona wanasikia mlio kama wa mvua kwenye bati. Lakini nimeichagua mwenyewe, na sababu yake inagusa swali lako. Ile sauti haina maoni. Baada ya dakika kama kumi inatoweka, siisikii tena, na chini yake inaanza nyingine ambayo hakuna mashine iliyoitoa. Huyo ndiye anayenisomea. Anapunguza mwendo panapostahili ingawa mashine haipunguzi. Kwa hiyo hata mimi ninayesoma kwa masikio nina msomaji wa ndani kama wako. Sauti ya nje humpelekea maneno tu, kazi ya kusema anaifanya mwenyewe.

Nikisoma kwa vidole mambo hubadilika. Breli ni ya polepole na inanipa tahajia, kitu ambacho sikio halinipi kamwe. Kuna kisa ninachokipenda katika historia yake. Kabla ya Louis Braille, mtu aitwaye Charles Barbier alikuwa ametengeneza maandishi ya nukta 12 yaliyofuata sauti: ulichokigusa ni mlio, si herufi. Braille alikuwa kijana wa miaka 15, mwaka 1824, alipozipunguza nukta kuwa sita, zikatosha chini ya ncha ya kidole kimoja, na akazipa herufi badala ya milio. Wengine wangedhani aliondoa sauti. Mimi naona aliturudishia haki ya kuitoa wenyewe, kama wanavyoitoa wanaosoma kwa macho.

Kuhusu hofu yako sitakuahidi kitu, maana sina masikio yako. Naweza kukusimulia rangi. Kabla sijapofuka palikuwa na ndoo nyekundu uani. Ndiyo nyekundu pekee ninayoikumbuka kwa hakika. Leo kila chekundu ninachokisoma, damu, jua la magharibi, gauni la bibi harusi, ni nyekundu ya ndoo ile. Sijapungukiwa, mama. Ndoo imekuwa kubwa tu. Nadhani baba yako naye ataendelea kusoma hata vitabu ambavyo hajawahi kuviona.

Kibanda cha Sauti

Shikamoo dada. Mimi ni mmoja wa wale ambao Nukta Sita anawakwepa: kazi yangu ni kurekodi vitabu. Sijakasirika, ila nitamjibu kidogo.

Kitabu cha saa kumi hunichukua saa 25, wakati mwingine 30, nikiwa kwenye kijichumba chenye mablanketi ukutani, feni imezimwa. Kinasa sauti husikia kila kitu, mate, kola ya shati, tumbo. Kabla ya kurekodi napita ukurasa mzima kwa penseli, naweka alama mahali pa kuvuta pumzi. Na hapo ndipo ninapojibu swali lako la vitabu vilivyo kimya, kwa sababu penseli yangu huvitambua kabla ya mdomo. Ni vile ambavyo hakuna mahali pa kupumua. Unakutana na "utekelezaji wa uboreshaji wa utoaji wa taarifa", majina matatu yaliyotokana na vitenzi, na hakuna hata mtu mmoja anayetenda. Nani aseme hayo? Mdomo wa nani? Mwandishi hakumsikia mtu alipoandika, nawe huwezi kumsikia ukisoma. Mwandishi anayeandika "akatumbukia chubwi", au "pakawa kimya jii", huyo sikio lake lilikuwa wazi kalamu ikiwa mkononi, na kwake sihitaji penseli sana.

Lakini usidhani ukurasa unabeba kila kitu. Chukua "barabara". Ile ya magari ina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya "sawasawa kabisa" mkazo wake unarudi nyuma silabi moja. Kwa maandishi ni herufi zilezile, hakuna alama. Ukurasa unakuamini kwamba ulishasikia.

Kisa changu sasa. Kuna riwaya niliyorekodi ambamo mke anamwambia mume, "Nimeamua kuondoka." Mume anajibu neno moja: "Haya." Basi, sura imekwisha. Nilirekodi hiyo "haya" mara kumi na moja. Kwa kukubali, kwa hasira, kwa uchovu, kwa kutoamini, kwa mtu ambaye alilijua jambo hili mwaka mzima. Kila moja ilikuwa nzuri na kila moja ilikuwa pungufu. Nikampelekea mwandishi tatu zilizo bora achague. Akanijibu kwamba alipoandika zilikuwa zote pamoja. Ikabidi tuchague moja, tukachagua ya uchovu, na wasikilizaji wa kitabu kile hawajui kuwa kuna kumi walizonyimwa.

Kwa hiyo Nukta Sita nakukubalia nusu. Kweli, sauti yangu inafunga milango. Ila baba wa dada yetu naye alifunga milango alipopunguza mwendo, na angalia alichomwachia mwanawe. Kusomewa na mtu anayejali si sawa na kusomewa na mashine, hata kama mashine inakuacha huru.

Dada, unaposoma kimya "haya" ile, unazisikia ngapi?

Nukta Sita

Hapo umenipata, Kibanda. Hakuna mtu aliyewahi kunisomea nikiwa mtoto. Huenda ndiyo maana naipenda mashine.

Kina cha Kati

Wazee wangu, shikamooni. Nafundisha ushairi, nitapita upande huo.

Tunachukulia kusoma kimya kuwa jambo la kawaida, kumbe kuliwahi kumshangaza mtu mwenye akili kubwa. Agostino, mwanafikra wa Kikristo wa kale, katika kitabu chake cha maungamo alichokiandika karibu na mwaka 400, anamweleza Askofu Ambrose wa Milano: macho yake yalipita ukurasani, moyo ukatafuta maana, lakini sauti na ulimi vilitulia. Wageni waliingia, wakaketi wakimtazama, wakaondoka bila kuthubutu kumkatiza. Agostino anajaribu kukisia sababu, na mojawapo ni kwamba labda askofu alikuwa anaihifadhi sauti yake isikauke. Wataalamu wamebishana sana juu ya ugeni wa tabia hiyo enzi zile, na ipo mifano ya watu wa kale zaidi waliosoma kimya. Mimi kinachonigusa ni kwamba aliona jambo hilo linastahili maelezo.

Na kumbuka ukurasa wao ulivyokuwa. Kilatini cha wakati huo kiliandikwa herufi zimefuatana bila nafasi kati ya maneno. Jaribu: alimwonaakiliamlangoni. Jicho linajikwaa. Mdomo ukilitamka polepole, mipaka inajitokeza yenyewe. Nafasi tunazoziona leo zilianza kuenezwa na watawa wa Ireland kuanzia karne ya 7 hivi, watu ambao Kilatini hakikuwa lugha yao ya kuzaliwa na hawakuweza kuliegemea sikio.

Sisi tuna mfano wetu, na ndio ninaotaka Sikio Moja aufikirie. Tenzi za zamani za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo kwa kawaida zina alama tatu tu za irabu. Kasra ilisimama kwa i na kwa e. Dhumma ilisimama kwa u na kwa o. P mara nyingi iliandikwa kama b. Asiyejua utenzi ule unavyosikika angeweza kukwama kila mstari. Aliyewahi kuusikia alipita bila shida, kwa sababu mizani na vina vilimwambia neno lipi linaingia. Ukurasa ulikuwa unalikumbusha sikio jambo ambalo tayari linalo. Na wakati mwingine hata ukurasa haukuhitajika: mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa baadaye katika karne hiyohiyo kutoka kwa watu waliokuwa wameyahifadhi kichwani.

Kwa hiyo ukiniuliza sauti iko wapi, mimi sioni maandishi upande mmoja na wewe upande mwingine. Yale yana nusu, nawe una nusu, na hakuna aliyewahi kusoma kwa nusu moja.

Jambo la mwisho, la vitendo. Darasani nafundisha mizani kwa vidole. "Mtu" ni vidole viwili, m na tu, ingawa jicho linaona silabi moja iliyobanana. "Nchi" vidole viwili. Mstari wa shairi la tarbia la kawaida ni 16, nane kwa nane, na kina cha kati kinaangukia kwenye kidole cha nane. Mwaka juzi nilikuwa na mwanafunzi ambaye hasikii kabisa, amezaliwa hivyo. Vina alivikariri kwa macho. Mizani aliipata kwa kugonga meza, na alipokuwa akisahihisha mashairi ya wenzake alikamata mstari wenye 15 haraka kuliko mimi. Nilimuuliza anajuaje. Akaandika: "Mkono unaanguka mahali pasipo na ngazi."

Sikio Moja

Nimewasoma wote, kisha nikakaa siku mbili bila kuandika.

Kibanda, nilirudia ile "haya" yako. Nasikia mbili kwa wakati mmoja, ya uchovu na ya mtu aliyekwisha kujua. Ya hasira haikuja kabisa, labda kwa sababu baba hakuwa na hasira. Sikuwahi kufikiri kwamba sauti niliyoachiwa ina mipaka ya mwenye nayo. Nitakuwa namwangalia sasa, nione asichoweza kusema.

Kina cha Kati, mwambie mwanafunzi wako, kama mnawasiliana bado, kwamba maneno yake nimeyaandika kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu ninachosoma sasa.

Jana nilifanya jambo ambalo sikulifanya kwa miaka mingi. Nilisoma kwa sauti. Nilikuwa nimeacha kwa aibu, maana sijui tena sauti yangu ina ukubwa gani. Nilifunga mlango, nikachukua sentensi ileile, "Usishtuke, sisi sote tumeshafika salama," nikaweka mkono mmoja kooni na kiganja cha pili mbele ya mdomo. Irabu zilitetemesha koo, kila moja kwa namna yake. Ilipofika s, koo lilinyamaza kabisa, na upepo mwembamba ukanigonga kiganjani, wa baridi kidogo. Sh ilikuwa upepo mpana na wa joto zaidi. F nilimkuta mdomoni, mdomo wa chini ukigusa meno. Nikasema "ameshika", nikasema "amefika", nikarudia kama mara ishirini. Sikuyachanganya hata mara moja.

Lugha yetu inasema nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia harufu. Nimeyasema hayo maisha yangu yote bila kuyafikiria.

Leo jioni mjukuu anakuja. Nitamwomba anisomee yeye, kitabu chake cha shule, akiwa ameketi mapajani huku kiganja changu kikiwa mbele ya mdomo wake. Nukta Sita, wewe unayesoma kwa vidole, naomba unishauri: unaanzaje na msomaji mpya? Unamruhusu aende kwa mwendo wake, au unamwomba apunguze?